Gari Lililogoma Kosele

Ukitaka kuijua hasira ya Lynnet, gusa trei ya mayai yake bila ruhusa. Nimekuwa jirani yake hapa Suna, mjini Migori, tangu enzi alipokuwa akiuza mayai ya kuchemsha kwenye beseni karibu na steji. Mimi nauza viatu, na mlango wangu unatazamana na wake. Kwa hiyo ninayoyasimulia hapa mengi niliyaona mwenyewe.

Beseni likazaa kibanda, kibanda kikazaa duka. Siku hizi ukila yai kwenye hoteli yoyote ndogo kati ya hapa na Rongo, kuna uwezekano mkubwa limepita mikononi mwake. Watu humwona akipita na gari jeupe na kusema ana bahati. Bahati gani? Mwanamke huyu alijifunza kuendesha gari akiwa mtu mzima mwenye watoto wa shule, na sababu yake ilikuwa moja: madereva wa kukodi walikuwa wanamvunjia mayai. Kila shimo la barabara lilikuwa hasara, na kila dereva alikuwa na maelezo. Mwisho akasema maelezo hayakaangiki, akaenda kutafuta leseni.

Mumewe Gordon alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Alizaliwa Kosele, kaunti ya Homa Bay, alikuwa mpole, anacheka na kila mtu, na mfukoni mwake hamkukosa kitu alichosahau kukitoa. Lynnet hakuwahi kufua nguo ya Gordon bila kuikagua kwanza. Alikuta misumari, risiti, pipi za watoto, na mara moja kifaranga, ingawa hilo la kifaranga Gordon alilikana mpaka mwisho.

Walikuwa na gari moja, la Kijapani, lenye viti vya nyuma vinavyokunjwa ili trei zikae vizuri. Gari lenyewe halina tundu la ufunguo wa kuwashia. Ufunguo wake ni rimoti nyeusi inayotoshea kiganjani. Ukiwa nayo mfukoni unabonyeza swichi tu na injini inawaka. Na ukishuka nayo injini ikiwa bado inanguruma, gari hulia tii, tii, tii, kukuambia kwamba umeondoka na ufunguo. Gordon alikuwa na tabia hiyo kila siku. Anasimamisha gari mbele ya kioski, anaruka na trei, anaanza kupiga soga ndani, huku gari linalia barabarani. Lynnet alikuwa akitoka dukani na kupiga ukelele mtaa mzima unasikia, "Gordon! Gari inakuita!"

Gordon alianguka nyumbani jioni ya Sabato, tulipokuwa tumetoka kanisani. Alikuwa ameshavua koti lake la suti na kulitundika. Jirani alimkimbiza hospitalini kwa gari lake, na hakurudi tena. Sina maneno mengi ya kuongeza hapo. Nilimpenda Gordon, na mpaka leo nikisikia gari likilia barabarani huwa nainua kichwa.

Sasa, Waluo wana desturi zao za msiba na sisi Wakisii tuna zetu, na sote tukiwa Wasabato tunadai tumeziacha, lakini tumeziacha mlangoni tu. Jamaa za Gordon walifika kutoka Kosele wakamkalisha mjane kwenye godoro sebuleni. Asipike, asifagie, asishike kitu. Yeye kazi yake ni kukaa na kulia. Shughuli zote zikachukuliwa na shemeji zake, wakiongozwa na Pauline, mke wa Javan, kaka mkubwa wa Gordon. Walifanya kwa upendo, siwalaumu. Lynnet akajaribu kusimama mara kadhaa akarudishwa chini kwa mabega. "Kaa, nyar Suna," walimwambia, yaani binti wa Suna, ndivyo wanavyomwita huko alikoolewa. "Leo si siku yako ya kufanya kazi."

Ni Pauline na mashemeji waliochagua suti ya kumvisha marehemu. Waliitoa ilipokuwa imetundikwa, wakaikunja vizuri, wakaitia kwenye mfuko.

Wakati huo rimoti aliyokuwa akitumia Gordon ilikuwa haionekani. Tulidhani imepotea kwenye zile purukushani za hospitali. Kwenye droo ya kabati kulikuwa na rimoti ya pili, ile ya akiba, ambayo ilikuwa imelala humo tangu gari linunuliwe. Nikapewa mimi, kwa sababu mjane haendeshi gari lililobeba jeneza la mumewe, na kwa sababu katika marafiki wa Gordon ni mimi niliyeaminika kutokimbiza gari. Siku mbili tatu za kwanza niliibonyeza mpaka kidole kikauma. Mara mlango unafunguka, mara hausikii. Nilijua betri yake imechoka, nikajiambia nitanunua nyingine baada ya mazishi.

Lakini Jumapili, wiki moja baadaye, asubuhi ya kwenda mochari, Pauline alipanda na ule mfuko wa suti, na gari likawaka mara moja. Nikashangaa nikalisifu. Tulipotoka mochari jeneza likiwa nyuma, likawaka tena mara moja. Tulisimama Rongo kujaza mafuta, likawaka. Tukasimama Kisii, likawaka. Nilimwambia Lynnet, aliyekaa kando yangu na kitambaa kichwani, kwamba naona rimoti imejirekebisha. Aliendelea kutazama barabara, na kwa kweli hayo hayakuwa mazungumzo ya siku ile.

Tulifika Kosele watu wakiwa wamejaa. Niliambiwa nisizime injini, maana nyimbo za kwaya zilikuwa zinatoka kwenye spika za gari. Vijana wakalishika jeneza wakalitoa, wakaanza kuondoka nalo kuelekea kwenye turubai. Mara gari likaanza: tii, tii, tii.

Nilidhani ni ile betri iliyochoka, nikabonyeza kila nilichokiona. Kwenye kioo cha dashibodi kulitokea maandishi mekundu ya Kijapani ambayo, katika umati ule wote wa walimu na madiwani, hakuna aliyeweza kuyasoma. Akina mama walisikia ile sauti wakaangua kilio upya. "Yawa! Hata gari inamlilia!" mmoja alipaza sauti, na kilio kikazidi. Mwishowe nikazima injini. Tukamzika Gordon kando ya nyumba yake Jumapili ile, na mafundi wakamwaga simenti juu ya kaburi kabla ya giza.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimejiandaa kuondoka. Lynnet naye alikuwa ametaka kuondoka. Kanisa lilikuwa limeshamwombea, watoto walikuwa na shule, na wateja wa mayai hawangojei matanga. Mwenye kuku alikuwa ameshampigia simu kumwuliza kama mayai ampe mtu mwingine. Nikabonyeza rimoti. Kimya. Nikabonyeza tena, nikaipiga piga kwenye goti, nikaisogeza karibu na mlango kama mtu anayembembeleza mtoto kula uji. Kimya. Kuna kiufunguo kidogo cha chuma kinachochomolewa ndani ya rimoti, nikafungua nacho mlango, lakini injini ikakataa katakata.

Baadaye sana fundi mmoja wa Migori aliniambia kwamba rimoti ya namna ile hata ikifa betri, ukiigusisha kwenye swichi yenyewe huku ukikanyaga breki, gari huwaka. Aliniambia akicheka. Fundi wa aina hiyo hupatikana siku zote baada ya mambo kwisha.

Jaduong' Javan, yaani mzee Javan, alikuja kuona. Huyu ni mzee wa mwili mkubwa na sauti ndogo, na ndiye aliyemlea Gordon baada ya baba yao kufariki. Alinyoosha mkono.

"Leta hiyo remote, Mosoti. Betri ikichoka haitupwi. Inaanikwa."

Akaifungua kwa kisu cha jikoni, akatoa kile kibetri bapa kinachofanana na shilingi, akakiweka juu ya bati la banda la kuku, kwenye jua, pamoja na mawe ya redio yake. Kila mtu aliyekulia huku kwetu anaijua kazi hiyo. Mawe ya redio yakiisha nguvu unayaanika, jioni unapata taarifa ya habari. Javan alikuwa amesikiliza redio maisha yake yote kwa njia hiyo. Alivuta kiti akakaa hapo kuwafukuza kuku.

Mchana akakirudisha ndani ya rimoti, bado kina joto. Watu walikuwa wamekusanyika. Akabonyeza. Taa za gari zikawaka mara moja, zikazimika. Akabonyeza tena. Hakuna kitu. Alibonyeza muda mrefu, na nilimwona uso wake ukibadilika polepole.

"Amejibu," alisema. "Mmeona wote. Nimemwuliza, amejibu mara moja. Amekataa gari yake itoke."

Nikataka kucheka, lakini nilipotazama pembeni niliona hakuna anayecheka. Walikuwa wameshasikia gari likilia jeneza lilipotolewa. Sasa limefika nyumbani na limegoma kuondoka. Kwao hesabu ilikuwa imetimia. Javan akaamua palepale: gari litabaki, hapo hapo lilipo, mbele ya nyumba ya Gordon, na hakuna atakayeligusa, hata watoto wa Gordon mwenyewe. Na ugumu wa Javan ulikuwa huu. Angekuwa mwenye tamaa tungejua la kumwambia. Yeye alikuwa akimlilia mdogo wake.

Kwenye boma la pili kutoka pale kulikuwa na pikapu ya zamani ambayo mwenye nayo alifariki, ikabaki hivyohivyo. Magurudumu yamezama ardhini, na kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Lynnet aliitazama ile pikapu kutoka mlangoni, kisha akalitazama gari lake. Bila lile gari angerudi kwa madereva wa kukodi, na baada ya hao angerudi kwenye beseni. Alilijua hilo na mimi nililijua.

"Baba Bitutu," aliniambia kwa sauti ya chini, "mimi sibaki bila gari. Lakini siwezi kupigana na huyu mzee. Ndiye alimlea Gordon."

Siku ile nililala tena Kosele. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi jembe nilikuwa nimeshaanza kuliona likinikonyeza kutoka kona ya ghala.

Jumanne asubuhi tulikuwa jikoni tunakunywa chai, Lynnet, Pauline na mimi. Pauline alikuwa anawaza waza kwa sauti, kama wafanyavyo watu wema wanapotaka kumfariji mtu na kumwumiza zaidi.

"Lakini alipendwa, min Irine. Hata gari ikamlilia. Sijawahi kuona."

Lynnet, huyo mama yake Irine, ambaye jeneza likitolewa alikuwa chini ya turubai amefunikwa shuka na akina mama, aliinua kichwa. "Ililia namna gani?"

"Wewe hukusikia? Tii, tii, tii."

"Ililia lini? Kabla jeneza litoke ama likishatoka?"

"Likishatoka. Wale vijana wakienda hivi, ndiyo ikaanza."

"Na engine ilikuwa on?"

Swali hilo aliniuliza mimi. Nilisema ndiyo, niliambiwa nisizime.

Lynnet aliweka kikombe chini. Akacheka. Alicheka kicheko ambacho kilitutisha, kisha kikageuka kilio, na Pauline akamshika. Alipopata pumzi alisema, "Haikuwa inalia. Ilikuwa inamwita."

Kisha akamgeukia Pauline. "Ile suti, mliangalia mifuko? Ule mfuko wa ndani, wa kifungo?"

Pauline alijifunika uso kwa leso, na jibu likawa hilo. Gordon alikuwa ametoka kanisani na rimoti kwenye koti, akalitundika, na koti halikuguswa mpaka siku ya mochari. Ule mfuko wa suti ndio ulioliwasha gari asubuhi ile, na baadaye jeneza ndilo lililoliwasha Rongo na Kisii. Rimoti niliyokuwa nimeishika mimi ilikuwa imekufa zamani. Ile nzima sasa ilikuwa kando ya nyumba, chini ya simenti. Lau Lynnet angeachwa aiandae mwenyewe nguo ya mumewe, angeikagua kama alivyozikagua nyingine zote.

"Usimwambie Jaduong'," Pauline alisema. Alikuwa ameushika mkono wa Lynnet. "Tafadhali, nyar gi mama, ndugu yangu. Akisikia Gordon amezikwa na key, si atasema ndiyo hiyo? Si atasema ameenda nayo ili gari ibaki? Na mimi ndiyo nilibeba hiyo suti."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Ukweli wenyewe ulikuwa mbaya kuliko uvumi. Gari kukataa kuwaka ni jambo linaloweza kubishaniwa, lakini marehemu aliyeondoka na ufunguo mfukoni, utabishana naye vipi?

Lynnet alifikiri kidogo, kisha akamtuma Pauline sokoni. Kosele kuna jamaa anayerekebisha saa na kuuza betri za kila namna, na kwa bahati nzuri hakuuliza betri ni ya nini. Pauline alirudi ameikunja kwenye kona ya leso. Lynnet aliifungua rimoti kwa ukucha, akaitia betri mpya upande wa maandishi ukiangalia juu, akaifunga. Akanipa. Nikatembea hadi kwenye gari, nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikabonyeza swichi.

Injini iliitika kama vile haikuwahi kugoma.

Watu walitoka kila upande. Waliokuwa wanavunja kuni waliacha, waliokuwa wanaosha sufuria wakaja na mikono yenye povu. Javan alitoka nyumbani kwake akiwa na fimbo, akasimama mbele ya boneti, karibu sana, hivi kwamba nikavuta breki ya mkono mara ya pili.

"Mmefanya nini?"

"Nimeweka betri mpya, Jaduong'," Lynnet alisema.

"Betri tu?"

"Betri tu. Ile ya zamani ilikuwa imekufa."

Hapo angeweza kunyamaza, na nilimwomba Mungu anyamaze. Javan alikuwa anaitazama rimoti.

"Hii si ile ya Gordon. Ya Gordon ilikuwa na kamba ya buluu, mimi ndiyo nilimpa. Hiyo yake iko wapi?"

Pauline alitazama chini. Lynnet aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameshaandaa uongo mzuri, kwamba ilipotea hospitalini, jambo ambalo hata sisi wenyewe tuliliamini wiki nzima. Lakini alipomtazama yule mzee, uongo ukamkwama.

"Iko naye," alisema. "Iko kwa koti, mfuko wa ndani. Hakuna mtu aliangalia. Tulimzika nayo. Ndiyo maana gari ilipiga kelele wakimtoa. Kama mngeniacha nishike nguo ya bwanangu, haingekuwa hivyo. Lakini imekuwa. Hiyo ndiyo ukweli, na mimi sina ingine."

Bibi mmoja alitia kiganja mdomoni. Injini ilikuwa inanguruma taratibu, na mimi nilishindwa kuamua kama kuizima ni heshima au ni kujiua. Nilimwona Lynnet ameukaza uso, na nilijua kwamba moyoni ameshaaga gari, duka na kila kitu.

Javan aligeuka akaenda kaburini. Alisimama pale ametupa mgongo, mabega yake makubwa yakipanda na kushuka. Aliongea Kiluo kwa sauti yake ile ndogo, na hakuna aliyesogea kusikiliza. Alipomaliza alipangusa uso kwa mkono wa shati akarudi, si kwangu wala kwenye gari, bali moja kwa moja kwa Lynnet.

"Gari ya Japan inakuja na key mbili," alisema. "Sivyo?"

"Ndiyo, Jaduong'."

"Gordon namjua. Nimemlea. Angetaka gari ibaki, angeenda na zote mbili." Akageuza uso kuelekea kaburini. "Ameenda na moja. Ingine amekuachia."

Akasogea kando ya barabara ya kutokea, akaondoa kwa fimbo yake kijiwe kilichokuwa mbele ya gurudumu.

Lynnet alipiga magoti mbele yake akalia kwa sauti, na yule mzee akamwinua kwa viwiko, naye analia. Pauline alikuwa amekaa chini palepale kwenye vumbi. Walipoachana, Lynnet alijifunga kitambaa upya, akaja hadi dirishani kwangu, akaniambia nihamie kiti cha abiria.